Kabla hujanunua deki, tafuta mwenzako

Nikikupigia "Galvanize" sasa hivi, utaijua. Huenda hujui jina lake wala aliyeitengeneza, lakini zile fidla za mwanzo zenye ladha ya Moroko umewahi kuzisikia mahali: kwa tangazo la televisheni, kwa filamu, au kwa miksi ya DJ fulani ndani ya nganya ukitoka tao. Kichwa kinaanza kutikisika kabla hata besi haijaingia.

Ngoma hiyo ilitoka mwaka wa 2005. Walioitengeneza ni Waingereza wawili, Tom Rowlands na Ed Simons, wanaojiita The Chemical Brothers. Licha ya jina, hao si ndugu wa damu. Walikutana chuoni Manchester mwaka wa 1989 wakisomea historia, wakaanza kupiga santuri kwa sherehe, na zaidi ya miaka 30 baadaye wangali pamoja. Mwaka wa 2023 walitoa albamu nyingine, "For That Beautiful Feeling". Katikati hapo wamebeba tuzo sita za Grammy.

Najua wewe husikilizi hizo vitu kila siku. Kwa keja yako kunalia arbantone, amapiano na drill. Lakini kila nikikaa na vijana wanaotaka kuwa maDJ au maprodusa, swali la kwanza huwa ni moja: "Ninunue deki gani?" Wengine washaanza kuweka akiba, wengine wamekopa kwa simu. Mimi siku hizi nina jibu moja tu. Kabla hujanunua deki, tafuta mwenzako. Deki unaweza kukodisha. Mtu wa kukuvumilia miaka 30 hakodishwi popote.

Acha nikueleze kwa nini nasema hivyo, na kwa nini nimewachukua hawa wawili kama mfano.

Kwanza tuelewane kuhusu muziki wenyewe. Ukisikiliza house, dundo linakuja sawasawa, du, du, du, du, kama mtu anayetwanga kinu bila kuchoka. Breakbeat ni tofauti. Mdundo wake umevunjikavunjika. Ngoma kubwa inaanguka mahali hukuitarajia, ile ndogo inajibu kwa kuchelewa kidogo, na mwili wako unalazimika kuijaza ile nafasi iliyobaki wazi.

Asili yake ni Bronx, New York. Mnamo Agosti 11, 1973, kijana mzaliwa wa Jamaica anayejulikana kama DJ Kool Herc alipiga muziki kwa sherehe ya dadake, katika jengo nambari 1520 Sedgwick Avenue. Herc alikuwa ameng'amua kitu: watu huchangamka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na mpiga ngoma kubaki peke yake. Shida ni kwamba sehemu hiyo hudumu sekunde chache tu. Basi akawa anatumia nakala mbili za santuri ile ile. Sehemu ikiisha upande huu, anaianzisha upande wa pili, huku akirudisha ile ya kwanza nyuma. Sekunde zikawa dakika. Hapo ndipo hip hop ilizaliwa, na hapo ndipo breakbeat inatoka.

Hao wawili wa Manchester walichukua ngoma hizo za hip hop, wakazichanganya na kelele za gitaa na zile sauti za mashine zinazolia kama king'ora. Magazeti ya Uingereza yakaupa mtindo huo jina la big beat. Lakini hayo yalikuja baadaye. Mwanzoni walikuwa wanafunzi wawili wenye santuri nyingi na pesa kidogo.

Singo yao ya kwanza, "Song to the Siren", ilitengenezwa mwaka wa 1992. Usifikirie studio kubwa. Walikuwa na kompyuta, sampla, kibodi na redio ya nyumbani aina ya Hitachi. Wakachapisha nakala 500 kwa pesa zao wenyewe, kisha wakazipeleka kwa maduka ya muziki wa kudansi London. Unajua waliambiwa nini? Ati ngoma inaenda pole sana. Ilikuwa na midundo 111 kwa dakika, na wakati huo kila mtu alikuwa anataka kasi.

Hebu fikiria ungekuwa wewe. Umejinyima, umechapisha nakala zako, halafu mwenye duka anazisikiliza kidogo na kukurudishia. Ukiwa peke yako, usiku huo unafuta faili zote na kurudi kutafuta kazi ya mauzo. Ukiwa na mwenzako, mnatoka nje, mnaangaliana, na mmoja wenu anasema, "Huyo msee hajui kitu, twende duka lingine."

Baadaye Andrew Weatherall, DJ aliyekuwa na jina kubwa, akaanza kuipiga ngoma hiyo, na lebo ya Junior Boy's Own ikaitoa upya. Nakala 500 pekee ndizo zilizowafungulia mlango. Sisi leo ngoma ikipata watu 500 YouTube tunaona aibu kuishea.

Jambo la pili ni Jumapili. Mwaka wa 1994 watu wa lebo ya Heavenly walianzisha usiku wa muziki kwa baa moja ya London iliyoitwa Albany, barabara ya Great Portland Street. Chumba kilikuwa kidogo, chini ya baa. Siku ilikuwa Jumapili, ile jioni ambayo kila mtu anafikiria Jumatatu. Hao wawili ndio walikuwa maDJ wa pale. Hawakuwa na skrini wala moto wa jukwaani. Walikuwa wanapiga hip hop, techno, soul na hata rock, zote kwa usiku mmoja, mbele ya watu wachache.

Lakini wale watu wachache walikuwa akina nani? Tim Burgess, mwimbaji wa The Charlatans, alikuwa anafika. Noel Gallagher wa Oasis pia. Albamu yao ya kwanza, "Exit Planet Dust", ilipotoka 1995, sauti ya Burgess ilikuwa ndani. Mwaka uliofuata Gallagher akaimba kwa "Setting Sun", na ngoma hiyo ikafika nambari moja Uingereza. Mwaka wa 1997 "Block Rockin' Beats" nayo ikafika nambari moja na kuwaletea Grammy yao ya kwanza.

Ukiisoma hiyo historia haraka utadhani ni bahati. Mimi naona chumba kidogo kilichojaa watu wanaorudi Jumapili baada ya Jumapili. Hapa kwetu tunapenda kuruka hiyo hatua. Tunataka Ijumaa ya Westlands au Kilimani kabla hatujawahi kushikilia watu 40 wa mtaa wetu.

Sasa nifike kwa kile kilichonifanya niandike makala haya, kwa sababu hata kushinda si kazi ngumu kama kukaa pamoja.

Mwanzoni walijiita The Dust Brothers. Hilo halikuwa jina lao. Waliliazima kutoka kwa maprodusa wawili wa Los Angeles waliotengeneza albamu ya Beastie Boys, "Paul's Boutique", ya 1989. Walikuwa wanawapenda wale jamaa na hawakudhani kuna mtu angejali. Umaarufu ulipoanza kuvuka bahari, wenye jina wakajitokeza, na 1995 ikabidi waliache. Wakachukua jina jipya kutokana na ngoma yao wenyewe, "Chemical Beats". Vikundi vingapi vingevunjika hapo? Mmoja anasema tupigane kortini, mwingine anasema wewe ndiye ulileta hilo jina. Hao walibadilisha jina, wakaendelea na kazi.

Halafu mtindo wao ukafa. Kufika mwaka wa 2000 big beat ilikuwa imechokwa, na wengi waliokuwa wanaipiga wakapotea nayo. Hao wawili walikuwa washaanza kuhama. Albamu ya 1999, "Surrender", ndiyo iliyo na "Hey Boy Hey Girl", ambayo inaegemea ule mdundo ulionyooka kuliko breakbeat iliyowapa jina.

Na mwaka wa 2015 kukatokea jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko Grammy zote. Ed Simons alisema hatasafiri kwenda kwa shoo kwa sababu anataka kushughulikia masomo. Hebu soma hiyo tena. Nusu ya kundi, albamu mpya imetoka, ziara ya dunia inangoja, na mtu anasema anaenda kusoma. Hakukuwa na vita mitandaoni wala meseji zilizovujishwa. Tom alienda jukwaani na Adam Smith, rafiki yao wa miaka mingi anayetengeneza zile picha kubwa za skrini. Baadaye Ed akarudi. Mwaka wa 2019 wakatoa "No Geography", na 2020 wakachukua Grammy mbili.

Mtu alitoka, kiti chake kikamngoja. Niambie ni kundi gani la mtaani kwenu lingeweza hivyo.

Nitakuambia kuhusu langu. Mimi na rafiki yangu mmoja tulikuwa na kikundi cha maDJ wawili. Tulianza na bethidei za mtaa, tukaenda kwa harusi, kisha tukapata baa moja ambayo sitaitaja. Laptopu ilikuwa yangu, miksa yake, spika za kukodi. Tulikuwa tunapendana kama ndugu; mamake alikuwa ananiwekea chakula.

Pesa za ile baa zilikuwa zinatumwa kwa simu yangu, kwa sababu mimi ndiye niliongea na mwenyewe. Siku moja ikaingia 12,000. Mimi nikatoa 3,000 kwanza. Nilijiambia ni ya waya niliyonunua na teksi tuliyopanda usiku, na ni kweli nilikuwa nimelipia. Lakini sikumwambia. Nilimtumia 4,500, nikasema ndiyo nusu. Wiki mbili baadaye mwenye baa akamtajia kiasi kamili, wakiongea tu mambo mengine.

Hakunipigia kelele. Aliniuliza kama ni kweli, nikaanza kueleza habari ya waya na teksi, na nikiendelea kueleza nikaona uso wake umefunga. Alikuja siku iliyofuata kuchukua miksa. Kwa 1,500 ambayo pengine ilikuwa haki yangu kabisa kama ningesema mapema, nilipoteza mtu ambaye angeniambia, "Twende duka lingine."

Kwa hivyo nikikuambia utafute mwenzako, sikuhubirii kutoka juu. Nakuambia kama mtu aliyempata akamharibu.

Na si mimi pekee. Kumbuka ile miaka ya Gengetone, kuanzia 2018 Ethic walipotoa "Lamba Lolo". Kila mtaa ulikuwa na mbogi yake. Nguvu ya muziki ule ilikuwa ni wasee watatu, wanne, wanapokezana maneno kama wanacheza mpira. Miaka michache tu na makundi mengi yalikuwa yametawanyika, kila mtu kivyake. Mashabiki walisema vijana hawana kipaji. Si kweli, kipaji kilikuwepo. Kilichokosekana ni mazungumzo ya mapema kuhusu pesa, jina na nani anaamua nini.

Najua utaniambia nini. Utasema, "Hao ni Waingereza buda, wana mfumo." Ni kweli. Walipokuwa chuoni, mwanafunzi wa Uingereza hakuwa analipa karo. Karo ililetwa 1998. Walikuwa na nafasi ya kukaa na kucheza na santuri bila kuwaza HELB, tokeni za stima na rent ya tarehe tano. Sitaki ukope maisha yao yote. Lakini fikiria vizuri: kama wao, pamoja na nafuu hiyo yote, walihitaji kuwa wawili, wewe unayelipa laptopu kidogo kidogo utafanya peke yako kwa nguvu gani? Ukiwa na mwenzako, nauli inagawanywa, spika zinagawanywa, na ile aibu ya kupiga muziki mbele ya meza tupu inagawanywa pia.

Kuna mwenza mwingine ambaye watu humsahau, yule uliyechukua sauti yake. Zile fidla za "Galvanize" hazikuanguka kutoka mbinguni. Zimetoka kwa wimbo wa Najat Aatabou, mwimbaji wa Moroko, na jina lake limo katika orodha ya watunzi wa ngoma hiyo. Sasa mlinganishe na Gregory Coleman. Huyu alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya The Winstons ya Marekani. Mwaka wa 1969, kwa wimbo uitwao "Amen, Brother", alipiga ngoma peke yake kwa sekunde chache tu. Kipande hicho kimetumiwa kwa maelfu ya nyimbo. Jungle na drum and bass zimejengwa juu yake. Coleman alifariki Atlanta mwaka wa 2006 akiwa hana makao, na hakuwahi kupata malipo yoyote kwa kipande hicho.

Wewe unayetengeneza arbantone kwa midundo ya zamani ya dancehall, hiyo habari inakuhusu moja kwa moja. Leo unaazima, kesho kuna mtu atakuazima wewe. Ukizoea kuficha jina la mwenye kazi, usishangae likifichwa lako.

Basi tufanye nini? Nitakupa yale ningependa mtu aliyenitangulia aniambie mimi.

Tafuta mtu ambaye anapenda muziki usioupenda wewe. Mkipenda kitu kile kile hamtakuwa na la kubishania, na miksi zenu zitafanana na za kila mtu. Halafu andikeni. Si lazima wakili. Hata meseji moja ya WhatsApp inatosha kuanzia: pesa ikiingia tunatoa gharama gani kwanza, tunagawana vipi, jina ni la nani, na mmoja akitaka kupumzika tunafanyaje. Hilo la mwisho ndilo watu huogopa kuuliza, na ndilo lililowaokoa wale wawili mwaka wa 2015.

Jina lenu litafuteni kwanza kabla ya kulipiga kwa fulana, msije mkawa Dust Brothers wa Kayole. Likiwa wazi, lisajilini kwa eCitizen, majina yote mawili yakiwemo. Fungueni till, malipo yaingie hapo, msitumie simu ya mtu mmoja. Kila gigi ikiisha, yule aliyelipwa atume picha ya ule ujumbe wa M-Pesa kwa mwenzake kabla hajafika nyumbani. Inaonekana ni kutoaminiana. Mimi naona ndiyo njia ya kuaminiana, kwa sababu hakuna atakayebaki akihesabu kichwani.

Na tafuteni Jumapili yenu. Si lazima iwe baa. Inaweza kuwa kinyozi cha mtaa, kibanda cha chipo, au paa la ploti caretaker akikubali. Muwe hapo wiki hii, wiki ijayo na ile nyingine, hata wakija watu saba. Wale saba wahesabuni vizuri, mjue majina yao. Mmoja wao ndiye atakayeimba kwa ngoma yenu ya kwanza.

Mimi mwezi uliopita nilimtumia rafiki yangu zile 1,500. Miaka imepita, sikuandika maelezo mengi, niliandika tu "za ile baa". Alinirudishia. Dakika kumi baadaye akanitumia linki ya miksi fulani, bila neno hata moja.

Nimeisikiliza mara tatu. Sijajua kama hiyo ni kusema tumemaliza au tumeanza, lakini Jumapili hii nitampigia simu. Wewe pia, kama kuna mtu ulimwacha kwa sababu ya pesa ndogo kuliko bei ya deki, mpigie.